Kurekodi Ndege kwa Simu Janja: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kubonyeza "Tuma"



Runzewe, wilayani Bukombe, hujulikana zaidi kwa malori yaendayo Rwanda na Burundi na kwa wachimbaji wadogo wanaokwenda na kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita na Kahama. Ndege si jambo la kwanza linalotajwa mji huo unapozungumzwa. Hata hivyo, upande wa kusini wa wilaya kuna misitu ya miyombo na mabwawa ya Kigosi, ambayo ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi. Ardhioevu hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Katika mabwawa hayo huishi korongo-nyangumi, ndege mkubwa wa rangi ya kijivu mwenye mdomo mpana unaofanana na kiatu, ambaye duniani hupatikana Afrika peke yake, kuanzia Sudan Kusini na Uganda hadi Tanzania magharibi na Zambia.

Siku hizi mtu yeyote mwenye simu janja ya kawaida anaweza kuandika ndege aliyemwona, mahali alipomwona na saa aliyomwona, kisha akaituma taarifa hiyo ikasomwa na mtafiti aliyeko Nairobi, Cape Town au New York. Zipo programu kadhaa zinazofanya kazi hiyo, na nyingi hazitozi ada. Wanafunzi, walimu, wafugaji wa nyuki, waongoza watalii na wapenzi wa ndege wa kawaida wameanza kuzitumia.

Katika sura hii tunaeleza namna programu hizo zinavyofanya kazi, gharama zake zilizojificha, na haki za mtumiaji. Lakini jambo tunalotaka msomaji aondoke nalo ni moja: kumbukumbu ya ndege ni kumbukumbu ya mahali, na mahali hapo huwapo ndege na huwapo pia mtu aliyemwona. Anayetuma kumbukumbu anatoa siri ya wote wawili. Kabla ya kutuma, ni vema ajue anampa nani siri hiyo, na kwa usahihi wa kiasi gani.

Programu zinazotumika

Programu inayotumika zaidi duniani ni eBird, iliyoanzishwa mwaka 2002 na kituo cha utafiti wa ndege cha Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani kwa ushirikiano na shirika la Audubon. Kituo hichohicho kina programu nyingine iitwayo Merlin, ambayo humsaidia mtumiaji kumtambua ndege kwa picha, kwa sauti au kwa kujibu maswali machache. Ipo iNaturalist, ambayo hupokea picha na sauti za viumbe vya kila aina, si ndege pekee. Na ipo BirdLasser, iliyotengenezwa Afrika Kusini, ambayo hutumika katika kuchora ramani za ndege za kusini mwa Afrika na pia katika mradi wa ramani ya ndege wa Kenya ulioanza mwaka 2013.

Kazi hii haikuanza na simu. Hapa nchini wapenzi wa ndege walianza kukusanya kumbukumbu za Atlasi ya Ndege ya Tanzania tangu miaka ya 1980, kwa kalamu na karatasi. Nchi iligawanywa katika miraba ya nusu digrii, yaani mraba wenye upande wa takriban kilomita 55, na kila ndege aliandikwa katika mraba wake. Tutarudi kwenye miraba hiyo baadaye, kwa maana ina funzo.

Tofauti iliyoletwa na simu ni kwamba kumbukumbu ya leo haisemi tu "mraba fulani". Inasema "chini ya mti huu, saa hii, na aliyeona ni fulani".

Orodha nzuri inavyoandikwa

Watumiaji wengi wapya huandika ndege wa ajabu peke yake na kuwaacha kunguru, njiwa na yangeyange. Hilo ni kosa, ingawa ni kosa la nia njema. Mtafiti anapotaka kujua iwapo tumbusi wanapungua, hahitaji tu siku walizoonekana. Anahitaji pia siku ambazo mtu alitazama vizuri na hakuwaona. Orodha isiyo na ndege wa kawaida haiwezi kumweleza lolote kuhusu ndege waliokosekana. Ndiyo maana programu ya eBird humwuliza mtumiaji mwishoni: je, umeandika ndege wote ulioweza kuwatambua? Jibu swali hilo kwa ukweli.

Orodha iliyokamilika huwa na mambo haya:

1. Tarehe na saa ya kuanza.
2. Muda uliotumia kutazama, na umbali uliotembea kama ulikuwa unatembea.
3. Idadi ya watu mliokuwa pamoja.
4. Jina la kila ndege uliyemtambua, na idadi yao au makadirio ya idadi.
5. Maelezo mafupi kwa ndege asiye wa kawaida: ukubwa, rangi, mdomo, alikuwa akifanya nini.

Kuhusu saa, tunatoa angalizo maalumu. Simu huhesabu saa kuanzia usiku wa manane. Mtu anayesema kwa Kiswahili kwamba alitoka saa moja asubuhi, akaandika 1:00, ameiambia programu kwamba alikuwa porini saa saba usiku. Saa moja asubuhi iandikwe 7:00. Kosa hili huonekana dogo, lakini huweza kumfanya mbayuwayu aonekane kama ndege wa usiku, na mhakiki akaikataa kumbukumbu yako yote.

Kuhusu majina, programu nyingi hutumia majina ya Kiingereza na ya kisayansi. Ukimfahamu ndege kwa Kisumbwa, Kisukuma au Kiswahili tu, usikate tamaa. Piga picha, andika jina hilo la kienyeji katika sehemu ya maelezo, na uchague kundi pana badala ya kubahatisha. Programu zinaruhusu kuandika "mwewe asiyetambuliwa" au "mnana asiyetambuliwa". Mnana jike wa aina moja hufanana sana na wa aina nyingine, na hata mabingwa hukubali kuwa hawakuwatambua.

Vilevile, jibu linalotolewa na programu ya kutambua ndege ni pendekezo tu. Programu hulinganisha sauti au picha yako na zile ilizofundishwa, na ndege wa Ulaya na Marekani wamerekodiwa mara nyingi zaidi kuliko wa miyombo yetu. Usiandike ndege kwa sababu tu simu imemtaja. Mwandike kwa sababu wewe umemwona au umemsikia na umeridhika.

Msomaji wa Runzewe aelewe pia kwamba Wilaya ya Bukombe ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga kabla ya Mkoa wa Geita kuanzishwa mwaka 2012. Asishangae akikuta kumbukumbu za zamani za eneo lake zimewekwa chini ya Shinyanga. Mahali ni palepale. Mpaka wa mkoa ndio uliosogea.

Gharama: kifurushi, nafasi ya simu na betri

Programu kuwa ya bure haina maana kwamba kuitumia hakuna gharama. Zipo gharama tatu.

Ya kwanza ni kifurushi cha intaneti. Watu wengi hudhani kwamba kutafuta mahali kwa mfumo wa GPS hula kifurushi. Sivyo. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti bure, hata pale ambapo hakuna mtandao kabisa, ingawa huchukua muda mrefu zaidi kupata mahali kwa mara ya kwanza. Kinacholiwa na kifurushi ni ramani inayopakuliwa, picha unazopakia, na masasisho ya programu. Picha moja ya simu ya kisasa huweza kufikia megabaiti tatu hadi tano. Picha ishirini ni megabaiti 60 hadi 100. Hifadhi ya sauti na picha ya programu ya kutambua ndege huweza kuwa mamia ya megabaiti.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo. Pakua hifadhi ya ndege wa eneo lako kabla ya safari, mahali penye Wi-Fi au kwa kifurushi cha usiku. Weka programu ijisasishe kwa Wi-Fi tu. Ukiwa porini andika orodha bila mtandao; programu nyingi huihifadhi ndani ya simu. Ukirejea, ipitie, irekebishe, ndipo uitume.

Kumbuka kwamba kwa kanuni za vifurushi zilizoanza kutumika mwaka 2021, mtoa huduma wako anapaswa kukujulisha matumizi yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100, na hapaswi kuendelea kukutoza nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Kama salio lako la kawaida lilikatwa usiku programu ilipokuwa ikipakia picha, na hukuwa umeridhia, una haki ya kuuliza.

Gharama ya pili ni nafasi ya kuhifadhi ndani ya simu. Ya tatu ni betri. Kufuatilia njia yako kwa GPS kwa saa tatu mfululizo humaliza betri haraka, na mtu aliyepotea msituni na simu iliyozima yuko hatarini. Ukitoka, mwambie mtu wa nyumbani unakokwenda na saa utakayorudi. Punguza mwanga wa skrini, na bakiza chaji ya kupiga simu.

Alama ya mahali: nani anaisoma?

Simu huandika mahali kwa namba mbili, moja ya kaskazini na kusini, nyingine ya mashariki na magharibi. Karibu na ikweta, digrii moja ni takriban kilomita 111. Namba yenye tarakimu moja baada ya nukta huonyesha mahali kwa usahihi wa kilomita 11 hivi. Yenye tarakimu tatu huonyesha mita 110 hivi. Yenye tarakimu nne huonyesha mita 11. Programu nyingi huandika tarakimu nne au zaidi, yaani zinaweza kumfikisha mtu kwenye mti wenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwalimu wa shule mojawapo ya Runzewe anakwenda likizo kumtembelea shemeji yake anayefuga nyuki upande wa Kigosi. Alfajiri anaona korongo-nyangumi amesimama katika matete, na nyuma yake kuna kiota. Anapiga picha, programu inaandika mahali, naye anatuma kabla hajafika nyumbani. Hana hatia yoyote. Amefurahi, kama ambavyo kila mmoja wetu angefurahi.

Sasa tujiulize ni nani anaweza kusoma alama hiyo. Wa kwanza ni mtafiti wa ardhioevu, ambaye kwake taarifa ile ni ya thamani kubwa. Wa pili ni mwongoza watalii, ambaye wiki ijayo anaweza kuleta wageni kumi karibu na kiota. Wa tatu ni mtegaji. Ndege hai wana soko. Mwaka 2016 Serikali ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi, na korongo-nyangumi yumo katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa hudhibitiwa na mkataba wa CITES. Udhibiti huo usingekuwapo kama wanunuzi wasingekuwapo. Korongo-nyangumi hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida hukuza kinda mmoja tu. Akitishwa akakiacha kiota, au kinda wake akichukuliwa, mwaka mzima wa uzazi umepotea.

Wasomaji wote watatu wameiona alama ileile, na alama haiwezi kuchagua msomaji wake.

Hapa ndipo miraba ya zamani inapotufunza. Kumbukumbu ya "mraba wa kilomita 55" ilimtosha mtafiti aliyetaka kujua ndege huyu anapatikana wapi nchini, lakini haikumfaa kitu mtegaji. Usahihi mkubwa si lazima uwe manufaa makubwa.

Programu zenyewe zimelitambua jambo hili. iNaturalist huficha mahali halisi pa viumbe wengi walio hatarini, na badala yake huonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya eneo lenye upande wa takriban kilomita 22. Pia humruhusu mtumiaji kuchagua mwenyewe kuficha mahali pa kumbukumbu yoyote. eBird ina orodha ya ndege nyeti ambao mahali pao hauonyeshwi wazi kwa umma, na humruhusu mtumiaji kuificha orodha yake nzima isionekane hadharani. Lakini orodha hizo za ndege nyeti hazimtaji kila ndege anayestahili, na hazijui kwamba wewe umeona kiota. Hilo unalijua wewe.

Kwa hiyo tunashauri: ndege adimu, kiota cha ndege yeyote mkubwa, mahali wanapolala bundi au tumbusi, na kasuku wa aina yoyote, yasitumwe papo hapo wala kwa alama halisi. Subiri hadi msimu wa kuzaliana upite, au ficha mahali, au tumia alama ya jumla kama vile jina la kata. Ukisogeza alama, andika katika maelezo kwamba imesogezwa, ili mtafiti asidanganyike. Ukiona dalili za mitego, nyavu au ndege waliofungiwa, usitangaze mtandaoni. Toa taarifa kwa ofisi ya wanyamapori ya wilaya au kwa kituo cha polisi. Kukamata ndege pori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Kumbuka pia picha. Simu nyingi huandika mahali ndani ya faili la picha lenyewe. Unaweza kuificha alama kwenye programu, kisha ukaitoa ndani ya picha unayompa rafiki. Fungua mipangilio ya kamera na uzime kumbukumbu ya mahali unapopiga picha za viumbe nyeti.

Mtu aliye nyuma ya orodha

Turudi kwa mwalimu wetu. Mbali na siku ile ya Kigosi, yeye huandika ndege wa uani kwake kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila Jumamosi hutembea kandokando ya mto kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu. Orodha zake zina jina lake kamili. Mahali pa uani amepaita "Nyumbani". Baada ya miezi mitatu, mtu asiyemfahamu anaweza kujua anakaa wapi, anaitwa nani, na ni siku gani na saa gani nyumba yake huwa haina mtu. Katika mji ambao watu hubeba na kuhifadhi fedha taslimu, na pengine dhahabu, hiyo si taarifa ya kutoa bure.

Hatusemi aache. Tunasema afanye mambo manne madogo:

1. Asipe mahali jina linalomtambulisha, kama "Nyumbani", "Kwa Mwalimu" au jina la duka lake.
2. Kwa ndege wa uani, aweke alama mahali pa umma palipo karibu, kama vile soko au njia panda.
3. Achague katika mipangilio ya akaunti kutoonyesha jina lake hadharani, kama programu inaruhusu. eBird inaruhusu.
4. Orodha ya matembezi ya kila wiki aitume baada ya siku chache, wala si akiwa bado njiani.

Wazazi na walimu wanaowafundisha watoto kurekodi ndege wafanye yote haya kwa niaba ya watoto. Akaunti iwe ya mtu mzima au ya klabu ya shule, na njia anayopita mtoto kwenda shule isiwe orodha ya kila siku.

Katika eneo la dhahabu

Mtu anayetembea polepole kando ya mto, akisimama kila baada ya hatua chache na kutazama simu, huko pwani ataulizwa kama amepotea. Katika ukanda wa Geita na Kahama ataulizwa amegundua nini. Wenyeji wameona mara nyingi wageni wenye vifaa vya kupimia wakifuatwa na uchimbaji, na uchimbaji ukifuatwa na migogoro ya mashamba. Shaka yao ina sababu.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, fika kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa, au kwa afisa mtendaji, ueleze unachofanya na uonyeshe programu yenyewe. Omba ruhusa kwa mwenye shamba. Usiingie katika eneo lenye leseni ya uchimbaji bila idhini. Mashimo ya zamani huwa hayajafunikwa, na kuanguka ndani yake ni kifo. Usipige picha za watu waliopo kazini machimboni wala za mitambo kwa kisingizio cha ndege. Maeneo ya hifadhi yana taratibu zake za vibali na viingilio. Uliza kwanza katika ofisi ya mamlaka inayoyasimamia.

Ruhusa, programu bandia na matapeli

Programu ya kurekodi ndege inahitaji kujua mahali ulipo. Inaweza kuhitaji kamera na kipaza sauti. Haihitaji orodha ya majina ya simu yako, wala ujumbe wako mfupi. Ikiomba hivyo, ikatalie au iondoe. Ruhusa ya mahali iwe "wakati wa kutumia programu tu", wala si wakati wote.

Pakua programu kutoka duka rasmi la simu yako, na utazame jina la mtengenezaji kabla ya kupakua. Usikubali programu iliyotumwa katika kundi la WhatsApp, wala inayoingizwa kwa kadi ya kumbukumbu katika vibanda vya kuingizia nyimbo. Tumia neno la siri ambalo hulitumii kwingine, na kamwe lisiwe namba ya siri ya huduma yako ya fedha.

Akitokea mtu akakupigia akidai kuwa ni ofisa wa mradi wa ndege, na kwamba kumbukumbu yako imeshinda zawadi au inahitaji ada ya kibali, huyo ni tapeli. Kutuma orodha kwa eBird au iNaturalist hakuna ada. Usitume fedha, usitaje namba ya siri. Ujumbe wa kitapeli utume kwenda namba 15040, pamoja na namba iliyoutuma. Namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako unaweza kuzihakiki kwa kupiga *106#.

Haki zako na mahali pa kulalamika

Jina lako pamoja na mahali ulipo ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinakusanywa kwa lengo gani, ya kuziona, na ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Malalamiko kuhusu matumizi mabaya ya taarifa hizo hupelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Malalamiko ya kifurushi, makato au ubora wa mtandao huanzia kwa mtoa huduma. Mweleze kwa maandishi au kwa simu ya huduma kwa wateja, na uhifadhi namba ya kumbukumbu utakayopewa, tarehe, saa na kiasi kilichokatwa. Usiporidhika na jibu, lifikishe shauri lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Wakazi wa Runzewe wanaweza kutumia ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyoko Mwanza.

Lakini tuseme ukweli kwa msomaji wetu. Programu tulizozitaja zina makao yake nje ya nchi. Kumpata mtoa huduma mwenye duka Ushirombo au Kahama ni rahisi kuliko kumpata mwenye kompyuta ya kuhifadhia taarifa iliyoko bara jingine. Na taarifa iliyokwisha kunakiliwa na watu mia haiwezi kurudishwa kwa barua ya malalamiko, hata kama barua hiyo ina haki yote. Katika jambo hili, kinga bora ya mtumiaji ni uamuzi anaoufanya mwenyewe kabla ya kutuma.

Kwa ufupi

Kabla ya kubonyeza "tuma", jiulize maswali haya matano:

1. Je, ndege huyu au kiota hiki kinaweza kudhurika kikijulikana kilipo?
2. Je, alama hii inaonyesha ninapoishi au saa ambazo sipo nyumbani?
3. Je, saa niliyoandika ni ya simu, au ni ya Kiswahili?
4. Je, nimeandika ndege wote niliowatambua, pamoja na kunguru?
5. Je, ninatuma kwa kifurushi ninachokijua salio lake?

Mwalimu wa mfano wetu, kama angejiuliza swali la kwanza pale kwenye matete, asingepoteza kitu. Korongo-nyangumi wake angeandikwa, mtafiti angemsoma, na jina la mwonaji lingebaki katika kumbukumbu. Angengoja tu kinda akue na kuruka kabla ya kutuma, akiwa ameficha mahali halisi. Ndege aliyeonekana mwezi wa sita akatangazwa mwezi wa kumi na mbili ni yuleyule, na kumbukumbu yake haijachelewa.